Sarafu za zamani Singida: Pima kwanza, uza baadaye

MFANYABIASHARA wa vitunguu au alizeti mkoani Singida akipewa mnadani sarafu asiyoifahamu, kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Huikataa na kudai noti, au huipokea kwa shingo upande na kuitupa kwenye kopo la misumari nyumbani. Mara chache hujiuliza swali la tatu, ambalo ndilo la kibiashara: kitu hiki kina thamani gani, na kwa nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee mkoani humu. Moja ya sarafu zinazotafutwa sana na wakusanyaji duniani, yaani sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo ya mwaka 1916, ilifuliwa Tabora kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, wilayani Iramba. Mali ilitoka Singida. Haitakuwa vizuri iwapo mwenye nayo Singida ataiuza kwa bei ya hereni iliyokatika, wala haitakuwa vizuri iwapo jirani yake atauza ng'ombe ili anunue kipande cha shaba kilichofananishwa nayo.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuchanganya bei.

Bei tatu katika sarafu moja

Kila sarafu ina bei tatu, na kila moja husimama peke yake.

Ya kwanza ni thamani iliyoandikwa, yaani shilingi 50 ni shilingi 50. Thamani hii hulindwa na serikali iliyoitoa, na hufa serikali hiyo ikiondoka au ikiifuta sarafu hiyo. Rupia ya Mjerumani, kwa mfano, haina tena thamani ya kuandikwa. Hakuna duka litakalotoa kilo ya sukari kwa rupia hiyo.

Ya pili ni bei ya madini. Hii hupatikana kwa mizani: uzito wa sarafu, mara kiwango cha usafi wake, mara bei ya soko ya madini hayo kwa siku ile. Haijali sura, mwaka wala historia ya sarafu.

Ya tatu ni bei ya mkusanyaji, yaani mtu anayenunua sarafu kwa kuwa ni adimu au ina historia. Bei hii hutegemea mambo matatu: zilitengenezwa ngapi, zimebaki ngapi, na hii uliyoshika iko katika hali gani. Bei ya mkusanyaji inaweza kuwa mara nyingi zaidi ya bei ya madini, na inaweza pia kuwa sifuri kabisa hata kama sarafu ina miaka mia moja.

Kanuni ya kwanza kwa muuzaji ni rahisi. Ajue bei ya pili kabla ya kuanza mazungumzo, maana hiyo ndiyo sakafu yake. Ya tatu ndiyo ya kujadiliana.

Tembo wa Tabora

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, meli za Uingereza zilifunga njia ya bahari kati ya Ujerumani na koloni lake la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sarafu kutoka Berlin na Hamburg zikakoma kufika. Utawala ulijaribu kuchapa noti zake hapahapa nchini, lakini karatasi hazikuaminika sana kwa watu waliozoea fedha inayolia inapodondoshwa. Kiwanda kidogo cha sarafu kikaanzishwa Tabora, katika karakana ya reli.

Dhahabu ilikuwapo. Mgodi wa Sekenke ulikuwa ukifanya kazi tangu kabla ya vita. Kutokana na dhahabu hiyo zikafuliwa sarafu za rupia 15, idadi yake ikiwa 16,198. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga na nyuma yake mlima. Upande wa pili kuna tai wa dola ya Ujerumani, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN. Sarafu ina mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Mfanyabiashara azingatie vipimo vifuatavyo: uzito gramu 7.168, kipenyo milimita 22 hivi, usafi sehemu 750 kati ya 1,000, yaani karati 18. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376.

Tufanye hesabu. Bei ya dhahabu hubadilika kila siku, kwa hiyo tuchukue Sh. 300,000 kwa gramu ya dhahabu safi kama mfano tu. Sakafu ya sarafu hii ni gramu 5.376 mara 300,000, sawa na Sh. 1,612,800.

Sasa tuseme mnunuzi anaitazama na kusema, "Hii ni karati 14, mzee wangu, ya zamani hiyo." Kwa karati 14, uzito uleule unahesabiwa kuwa na dhahabu safi gramu 4.18 tu, sawa na Sh. 1,254,400. Kwa neno moja tu, muuzaji amepoteza Sh. 358,400, na bado hajagusa bei ya mkusanyaji.

Na hapo ndipo penye hasara kubwa zaidi. Katika minada ya sarafu ya Ulaya na Marekani, tembo wa Tabora aliye katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola, mara kadhaa ya dhahabu iliyomo. Sarafu hii ikishaingia kwenye chungu cha sonara inabaki bei ya madini peke yake. Hakuna anayeweza kuirudisha.

Tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, mchimbaji mdogo wa Sekenke na Shelui amezoea kuona dhahabu yake ikipimwa uzito na usafi mbele ya macho yake. Mwenye sarafu naye adai haki hiyohiyo. Asikubali ipelekwe chumba cha nyuma.

Shaba isiyokuwa dhahabu

Kiwanda hichohicho cha Tabora kilitengeneza pia sarafu za heller 20 na heller 5 kwa shaba nyekundu na shaba ya njano. Zina taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Hizi zilitengenezwa kwa wingi na ndizo ambazo mtu ana nafasi ya kweli ya kuzikuta katika sanduku la bibi.

Rangi ya njano ya baadhi yake imewadanganya wengi. Sarafu kubwa ya njano yenye namba 20 na mwaka 1916 si dhahabu. Bei yake ya madini ni ya chuma chakavu, na bei yake kwa mkusanyaji kwa kawaida ni ya makumi ya dola, si maelfu. Si haba kwa kitu kilichokuwa kinazibia tundu la dirisha, lakini si bei ya shamba.

Aidha, nakala za tembo wa rupia 15 zimekuwa zikitengenezwa kwa shaba na kupakwa rangi ya dhahabu. Hapa mizani ndiyo hakimu. Dhahabu ni nzito mno. Nakala ya shaba yenye upana na unene uleule itakuwa na uzito wa gramu 4 hivi badala ya 7.168. Mizani ndogo ya sonara inatosha kumaliza ubishi kwa dakika moja.

Kwa njia, neno "hela" linalotumika kila siku katika soko la vitunguu la Misuna linatokana na heller hiyohiyo. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha mgawanyo wa zamani wa rupia moja kwa pesa 64, wakaweka heller 100 kwa rupia. Heller zimekwisha sokoni, jina limebaki.

Rupia ya fedha

Sarafu ambayo wazee wengi huikumbuka ni rupia yenye kichwa cha Mfalme Wilhelm wa Pili. Uzito wake ni gramu 11.66, sawasawa na tola moja, kipimo ambacho masonara wa pwani wanakifahamu vizuri. Fedha safi iliyomo ni gramu 10.69. Zipo pia za nusu na za robo.

Tukichukua Sh. 3,000 kwa gramu ya fedha kama mfano, sakafu ya rupia moja ni Sh. 32,070. Rupia za kawaida zilizochakaa hazipandi sana juu ya sakafu hiyo. Zinazopanda ni zile za miaka michache iliyotengenezwa kwa idadi ndogo, hususan sarafu ya rupia mbili ya 1893 na 1894, na zile ambazo karibu hazikutumika.

Rupia nyingi zilitobolewa ili zivaliwe shingoni au zishonwe kwenye mikufu. Tundu hilo haliondoi fedha ya maana, lakini kwa mkusanyaji huondoa sehemu kubwa ya bei. Rupia iliyotobolewa iuzwe kwa mizani, na mwenye nayo asijipe matumaini zaidi ya hapo.

Shilingi ya simba: soma mwaka

Baada ya vita, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 ilileta shilingi, na sarafu za kwanza za shilingi hiyo zina mwaka 1921. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Sarafu hizi zilienea Kenya, Uganda na Tanganyika, na bado zinajitokeza katika masanduku vijijini.

Hapa mwaka ndio kila kitu. Shilingi zilizotengenezwa mpaka mwaka 1946 zina robo moja ya fedha. Uzito wake ni gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha safi ni gramu 1.94. Kwa bei ya mfano wetu, hiyo ni Sh. 5,820 kwa kila moja. Shilingi za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yuleyule na macho hayaoni tofauti.

Mtu aliye na shilingi 100 za simba kwenye mfuko wa kaniki ana sababu ya kukaa chini na kuzipanga kwa miaka. Zikiwa zote za mwaka 1946 kurudi nyuma, zina fedha ya zaidi ya Sh. 580,000 kwa hesabu yetu. Zikiwa zote za 1948 kwenda mbele, zina bei ya chuma chakavu. Mnunuzi mjanja atanunua mfuko mzima "kwa jumla" bila kufungua. Muuzaji mjanja atafungua kwanza.

Umaarufu si uadimu

Somo jingine linatokana na sarafu zenye tundu katikati za senti 5 na senti 10. Za mwaka 1936 baadhi zina jina la Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliyeacha ufalme Desemba mwaka huo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Uingereza yenyewe haikuwahi kutoa sarafu zake kwa matumizi ya kawaida. Za Afrika Mashariki zilitoka kwa sababu, kwa kuwa zina tundu, hazikuhitaji picha ya uso wake. Jina lilitosha.

Hadithi hiyo ni tamu, na wapo wanaoitumia kuuza senti hizo kwa bei ya kutisha. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, na zimebaki nyingi. Mkusanyaji yeyote anaweza kuzipata kwa bei ndogo, isipokuwa zile safi kabisa. Anayepanga bei asiulize sarafu ina hadithi gani. Aulize ziko ngapi.

Sarafu za Benki Kuu

Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966 na mwaka huohuo ikatoa sarafu zake: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, ambayo wengi waliiita sumuni, na shilingi moja yenye mwenge. Mwaka 1977 ikaongezwa senti 10 yenye pundamilia.

Shilingi ya mwenge ya kwanza ilikuwa ya shaba na nikeli, uzito wake gramu 8 hivi. Kilo moja inahitaji sarafu 125. Baadaye sarafu ndogo ziligeuzwa kuwa za chuma kilichofunikwa kwa nikeli, na sarafu nyingi zinazotumika sasa zina chuma ndani. Sumaku inaonyesha tofauti mara moja: chuma kitanaswa, shaba na nikeli ya zamani haitanaswa.

Sababu ya mabadiliko hayo ni hesabu ileile ya bei tatu. Mfumuko wa bei ulipoishusha thamani ya shilingi, madini yaliyomo katika sarafu yalianza kuizidi thamani iliyoandikwa juu yake. Tuseme mnunuzi wa vyuma chakavu anatoa Sh. 15,000 kwa kilo ya mchanganyiko huo. Kila shilingi moja ingekuwa na madini ya Sh. 120. Hakuna benki kuu inayoweza kuendelea kutoa sarafu ya namna hiyo kwa muda mrefu.

Hata hivyo, hii si ruhusa ya kuwasha tanuri. Kuyeyusha au kuharibu sarafu halali ya nchi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa upande wa wakusanyaji, sarafu hizi zilizochakaa ni nyingi na bei yake ni ndogo. Zinazotafutwa ni zile ambazo hazikuguswa, na zile maalumu kama seti ya uhifadhi wa wanyama ya mwaka 1974, yenye twiga na faru kwa fedha na duma kwa dhahabu. Hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya sokoni.

Acha msasa

Jambo la kwanza ambalo mwenye sarafu ya zamani hufanya ni kuing'arisha. Majivu, ndimu, ukwaju, dawa ya meno na msasa vyote hutumika. Kila kimoja hukwangua uso wa sarafu na kuacha mikwaruzo ambayo mkusanyaji huiona kwa kioo cha kukuzia. Sarafu nyeusi ambayo haikuguswa inaweza kuwa na bei mara kadhaa ya ile inayomeremeta kwa kusuguliwa. Iachwe kama ilivyo, ifungwe kwenye karatasi kavu, ishikwe pembeni na si usoni.

"Mali ya Mjerumani"

Mkoa wenye maboma ya Kijerumani kama yale ya Kilimatinde na Mkalama haukosi hadithi za hazina iliyofukiwa. Hadithi hizo huzaa aina ya biashara ambayo msomaji aijue kwa sura yake.

Dalali huja na rupia moja. Husema yuko mnunuzi Dar es Salaam au ng'ambo anayetoa mamilioni kwa mamia. Kinachohitajika ni fedha kidogo tu ya "kuipima", ya usafiri, au ya kumtoa mwenzake anayeishikilia. Wakati mwingine huongeza kwamba rupia hiyo ina nguvu fulani au madini yasiyojulikana. Rupia ni fedha na shaba basi. Haina kitu kingine ndani yake, na mnunuzi wa kweli hulipa, haombi alipwe.

Na anayechimbua vitu vya zamani ardhini akumbuke kwamba ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kabla ya kuuza au kusafirisha nje, aulize ofisi inayohusika. Mnunuzi anayekataza asiulize amejieleza mwenyewe.

Je, ni uwekezaji?

Mwenye fedha kidogo ya kuwekeza atauliza iwapo inafaa kununua sarafu hizi ili ziongezeke bei. Jibu linahitaji tahadhari. Dhamana ya serikali hulipa riba, hisa huweza kulipa gawio, hata kuku wa kienyeji hutaga. Sarafu hailipi chochote mpaka siku ya kuuzwa, na siku hiyo tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa kubwa. Nchini wanunuzi ni wachache. Mnada wa nje una ada, usafirishaji na ukaguzi wa uhalisi, na vyote hutoka kwa muuzaji.

Kwa hiyo asiye mtaalamu asinunue sarafu kwa bei ya mkusanyaji. Akinunua, anunue karibu na bei ya madini, ili akikosea abaki na kitu kwenye mizani. Lakini yule aliyerithi hana gharama ya kununua. Kwake subira ni bure.

Kabla ya kuuza, mwenye sarafu afanye mambo haya: asome mwaka na maandishi, apime uzito kwa mizani ya sonara, apitishe sumaku, apige hesabu ya sakafu kwa bei ya madini ya siku ile, apige picha za pande zote mbili, kisha apate bei kutoka kwa watu wawili au zaidi wasiofahamiana. Yote hayo ayaandike. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sarafu iliyokaa miaka mia moja ndani ya kibuyu haina haraka ya kuondoka leo jioni.